SAUTI HAIKUFA, ILIKOSA KINYWA

Ya kale hayanuki, walisema waliotutangulia. Lakini hawakusema ya kwamba ya kale hayapotei. Hupotea, tena hupotea mbele ya macho yetu, na mara nyingine hupotea ndani ya chombo kile kile tulichokinunua ili kiyahifadhi. Kisa nitakachokusimulia leo, ndugu msomaji, kilitukia nyumbani kwetu, Mji wa Kale, Mombasa. Nakileta hapa kwa kuwa najua zipo nyumba nyingi, tangu Vanga hadi Lamu, zenye msiba kama huu wetu, na wenyewe hawajui ya kuwa dawa yake ni waya mmoja wa shilingi mia chache.

Mama mdogo wangu ni mjane. Marehemu mumewe, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa baharia kwa kazi na mpiga udi kwa mapenzi. Hakuwa na jina kubwa kama la Juma Bhalo au Zein l'Abdin. Hakutoa sahani ya santuri wala kaseti ya kuuzwa dukani. Lakini alipokuwapo nchi kavu, arusi ya mtaani petu haikuwa arusi mpaka yeye aketi, akaze nyuzi, akohoe kidogo, kisha aanze. Katika arusi moja ya mwaka 1981, jamaa mmoja aliweka redio kaseti juu ya kiti, akabonyeza vidude viwili kwa pamoja, akanasa usiku kucha. Mimi wakati huo nilikuwa mtoto wa chuoni, nimelala juu ya jamvi nyuma ya wapigaji, nasikia dumbak kwa mbavu kuliko masikio.

Usiku ule ulitoka kaseti tatu. Zilikaa ndani ya kasha la mama mdogo miaka na miaka, pamoja na leso za arusi na hati za nyumba. Mwaka jana mjukuu wake alikuja likizo kutoka Dubai. Kijana mwema, mwenye ujuzi wa mitambo. Akaziomba zile kaseti, akatafuta chombo cha kuzichezea, akazitia moja moja katika kompyuta yake ya mapajani, ile waiitayo laptopu. Ya tatu ilipofika mwisho, mkanda ukakatika, ukakatika tena, ukawa vipande. Unyevu wa pwani si mchezo. Kijana hakuona taabu.

"Haidhuru, mjomba," aliniambia. "Nimekwisha mtia ndani. Sasa hapotei tena."

Usiku, baada ya swala ya isha, tuliketi sote barazani. Kijana akafungua laptopu, akabonyeza. Mama mdogo akainamisha kichwa, akasogeza upande wa buibui kutoka sikioni, akasikiza kwa muda wa wimbo nusu. Kisha akasema, "Huyu si yeye."

"Ni yeye, nyanya. Jina lake nimeliandika mwenyewe."

"Jina umeliandika wewe, sauti hukuiandika wewe. Huyu ni mbu ndani ya chupa."

Akainuka akaenda kulala. Sisi tukabaki tukitazamana. Mkanda umekatika, na mwenye haki ya kumtambua kuliko sote amemkana. Je, kompyuta imemla mtu wetu?

SAUTI IKIGEUKA HESABU

Sikulala vyema usiku ule. Asubuhi nikaanza kuuliza na kusoma, na niliyoyapata ni haya.

Santuri huweka sauti kwa mchirizi, nayo kaseti, tangu ilipoletwa ulimwenguni na Philips mwaka 1963, huiweka kwa unga wa sumaku uliopakwa juu ya mkanda. Kompyuta, ambayo vitabu vya shule huiita tarakilishi, haina mchirizi wala unga. Hupima nguvu ya sauti mara nyingi sana katika kila sekunde moja, na kila kipimo hukiandika kuwa tarakimu. Ile diski ya CD iliyoanza kuuzwa mwaka 1982 hupimwa mara 44,100 kwa sekunde, na hesabu hii haikuchukuliwa ovyo. Sikio zima la binadamu husikia tangu mitetemo kama 20 kwa sekunde hadi kama 20,000, na ili kuunasa mtetemo sharti uupime zaidi ya mara mbili. Basi hesabu zile zatosha kubeba udi, fidla, tashkota na koo la mwimbaji pasi na kupunguza chochote ambacho sikio lingekitambua.

Kwa hiyo mtu wetu alikuwamo, mzima. Lakini hesabu hazisikiki. Ili zisikike, sharti zigeuzwe umeme, umeme utiwe nguvu, kisha ule wenye nguvu usukume karatasi ya spika, nayo karatasi isukume hewa mpaka sikioni. Hatua ya kwanza, kompyuta za siku hizi huitenda vyema, hata zile za bei ndogo. Taabu ni hatua ya mwisho. Spika za laptopu ni vijidude vyembamba kama kidole gumba, vimebanwa chini ya vibonyezo, na pengine vimetazama meza badala ya mtu. Sauti nyembamba vyaweza. Sauti nene haviwezi, kwani sauti nene yataka hewa nyingi isukumwe, na kidude kidogo hakina kifua cha kusukuma hewa hiyo.

Sauti ya mwanamume mzima akinena, msingi wake huwa kati ya mitetemo kama 85 na 180 kwa sekunde. Spika za laptopu nyingi hulegea sana zikishuka chini ya 200 hivi. Maana yake ni kwamba ule msingi wenyewe wa koo la mwanamume, pamoja na nyuzi nene za udi na pigo la katikati la dumbak, huachwa nyuma. Kinachotoka ni kivuli. Kijana mwenye masikio mazima hukijazia kivuli kile akilini mwake, akaona anasikia. Mzee je?

Hapa ndipo nilipouelewa msiba wa mama mdogo. Binadamu akizeeka, masikio yake huanza kupoteza sauti nyembamba, na zile nene hukaa naye muda mrefu zaidi. Basi kile kidude cha laptopu kilimnyima sauti nene, na umri ulimnyima nyembamba. Kati ya viwili hivyo mumewe alibakiwa na nini cha kutambuliwa kwacho? Mama mdogo hakuwa mkaidi wala hakusahau. Alisema kweli ya alichokisikia.

KILICHOFUNIKWA KITAMBAA

Sasa nataka uangaze macho katika ukumbi wa nyumba yako, ndugu msomaji. Je, hakuna pembeni amplifaya na masanduku mawili ya spika, juu yake pametandikwa kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa pamewekwa maua ya plastiki? Kwa mama mdogo kipo. Marehemu alikileta mwenyewe kutoka safari moja ya Uarabuni. Mahali pa kaseti paliharibika zamani, mashine ya santuri ikafuata, na watu wakahukumu kuwa chombo chote kimekufa. Lakini mtu akivunjika mkono hazikwi. Amplifaya ilikuwa nzima, na spika zake zina upana wa inchi 8. Kifua ambacho kompyuta haina kilikuwa pale pale, hatua sita kutoka mezani, kimebebeshwa maua.

Mjukuu akanunua waya. Upande mmoja una pini moja nyembamba ya milimita 3.5, ile ile ya visikizi vya masikioni, nayo huingia katika tundu la visikizi la kompyuta. Upande wa pili una pini mbili, moja nyekundu na moja nyeupe. Nyekundu ni ya upande wa kulia, nyeupe ya kushoto. Hizi huingia nyuma ya amplifaya, katika matundu yaliyoandikwa AUX, au CD, au TAPE IN. Kazi yenyewe ni hiyo tu. Lakini haraka haraka haina baraka, na mimi nilikuwa na haraka.

Nyuma ya chombo palikuwa na kiza na vumbi, nami sikuvaa miwani. Nikachomeka palipoandikwa PHONO. Kijana alipobonyeza, nyumba ilinguruma kana kwamba lori lapita ukumbini. Paka alitoka mbio, na jirani alipiga hodi kuuliza kama kuna salama. Kosa lilikuwa langu, na sababu yake ni hii. Tundu la PHONO ni la sindano ya santuri, ambayo umeme wake ni mdogo mara mamia kuliko ule wa kompyuta, kwa hiyo amplifaya huuongeza sana. Tena sahani ya santuri hukatwa na sauti nene zimepunguzwa, ili mchirizi usiyumbe ukaingia katika mwenziwe, na tundu lile huzirudisha zilizopunguzwa. Ukilitia kompyuta, chenye nguvu hutiwa nguvu, na kinene hunenepeshwa.

Lipo kosa kubwa kuliko hilo, namshukuru Mola sikulifanya. Vile vishikizo vya waya wa spika, vyekundu na vyeusi, hutoa umeme wenye nguvu wala havipokei. Usivielekeze kwenye kompyuta hata kwa kujaribu, kwani utaiua. Pia zima amplifaya kabla ya kuchomeka chochote. Na kama chombo chako ni cha Ulaya ya zamani, chenye tundu la mviringo la pini 5, usikate tamaa. Upo waya wa kukioanisha, mwulize fundi. Nayo kompyuta ikiwa ni ya siku hizi na haina tundu la visikizi, kinauzwa kidude kidogo cha kuchomeka katika tundu la USB, chenye kugeuza hesabu kuwa umeme wa sauti, na kazi yake ni safi.

MVUMO WA NYUKI

Tulipopata tundu la haki, sauti ilikuja, lakini nyuma yake mlikuwa na mvumo kama wa nyuki mzingani. Kijana akachomoa chaja ya laptopu ukutani, ikabaki na betri yake. Nyuki wakanyamaza papo hapo. Hiyo ndiyo njia ya kuujua ugonjwa huu. Vyombo viwili vikiungwa kwa waya wa sauti, na kila kimoja kimeshika ardhi ya umeme kwa njia yake, umeme wa ukutani, ambao kwetu hutetemeka mara 50 kwa sekunde, hupata njia ya kuzunguka ndani ya waya wa sauti. Chomeka vyombo vyote viwili katika ekstensheni moja. Ikiwa mvumo haukwisha, sikiza kwa betri, au mwulize fundi kidude cha kutenganisha. Lakini pini ya ardhi ya plagi usiikate abadan, hata akikushauri fundi. Pini ile imewekwa kulinda roho yako.

Jambo jingine ni kipimo. Sauti ndani ya kompyuta uipandishe karibu na mwisho, kisha ya amplifaya uanze chini na kuipandisha kidogo kidogo. Wengi hufanya kinyume, wakaishusha ya kompyuta na kuikaza ya amplifaya, na pamoja na wimbo hupandisha uvumi wa waya wote. Na zima zile kengele za ujumbe. Sauti ya ujumbe wa simu ikipigwa kwa spika za inchi 8 katikati ya kisomo ni kukosa adabu, tena ni kumtia mzee kihoro.

Kwetu pwani pana na adui wa kimya, chumvi ya bahari. Matundu ya nyuma yalikuwa yameota kijani. Tuliyafuta kwa pamba na spiriti, chombo kikiwa kimezimwa na waya wake umechomolewa ukutani, na sauti ya upande wa kushoto iliyokuwa ikikatika ikarudi. Tazama pia ukingo wa karatasi ya spika. Ikiwa ni sponji na imeoza, spika itakwaruza, nayo yafaa kupelekwa kwa fundi, si jalalani. Nyumba zetu za mawe zina kuta ngumu, na sauti hurudi kama ndani ya birika. Zulia, mito na pazia zito vyatosha kuituliza. Spika usizitie kabatini. Zitenge, zielekee anayesikiza, karibu na kimo cha sikio lake akiwa ameketi.

SI NYIMBO PEKE YAKE

Wapo wasomaji wetu wasiosikiza ala, na neno hili lawahusu pia. Mwaka 1961, huko Misri, Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary alirekodi Kurani nzima kwa tartili, kazi ambayo hadi leo yatumiwa na wanaojifunza kusoma. Sheikh Abdulbasit Abdulswamad alifariki mwaka 1988, na kisomo chake bado kimo katika nyumba za Kiislamu ulimwenguni kote. Siku hizi masheikh hawa wote twawabeba katika kompyuta na simu, kisha twawasikiza kwa tundu dogo kuliko punje ya mahindi. Mafunzo ya kusoma yataka kusikia herufi inatoka wapi, ikiwa kooni, ulimini au mdomoni, na ile herufi nzito kwa nini ni nzito. Mtoto atajifunzaje uzito wa herufi kwa chombo kisichokuwa na uzito? Sisi wenyewe tulipomaliza kuunganisha, tulianza kwa kisomo kwa kutabaruku, na nilisikia pumzi ya msomaji kabla ya aya, jambo ambalo kwa laptopu peke yake sikuwahi kulisikia.

Lakini tusidanganyane. Waya hautii kisichokuwamo. Siti binti Saad alipovuka kwenda Bombay mwaka 1928 kutiwa katika santuri, mitambo ya wakati ule ilinasa ilichoweza, na hapana amplifaya itakayoongeza. Vivyo hivyo wimbo uliobanwa mno ili utumwe kwa simu kutoka mkono hadi mkono huwa umetupwa sehemu yake, nayo iliyotupwa hairudi. Maji ya chumvi hayawi matamu kwa kubadilishwa mtungi. Basi mwenye kaseti za wazee wake azitie katika kompyuta kwa ukamilifu, bila kuzibana, mapema kabla mkanda haujakatika, na aweke nakala mahali zaidi ya pamoja. Kijana wetu alifanya hivyo kwa bahati, kwa kuwa hakupenda kubana, na bahati yake ndiyo iliyotuokoa.

Lililo kubwa zaidi kwangu ni hili. Watoto wetu husikia wazee wetu kwa vijidude hivi, kisha husema taarab ya zamani ni nyembamba, ya mayowe, haina pigo. Hawasemi uongo, kwani ndivyo walivyosikilizishwa. Wanamhukumu mwimbaji kwa ila ya chombo. Na mzee kama mama mdogo akasikia vile vile, naye akamkana mwenziwe wa miaka thelathini. Vizazi viwili vikimkana mtu, aliyebaki wa kumshuhudia ni nani?

USIKU WA PILI

Siku ya tatu, baada ya isha, tulimwomba mama mdogo aketi ukumbini. Alikuja kwa shingo upande, akauliza maua yake yamekwenda wapi. Kijana hakusema neno. Akabonyeza.

Kwanza zilisikika kelele za watu, kisha vikombe, kisha mtu akikaza uzi wa udi, uzi mnene, ukipanda taratibu hata ukakaa. Kisha palikuja kikohozi kidogo. Kisha koo.

Mama mdogo alishika ukingo wa kiti. Alinyamaza wimbo mzima, na ulipokwisha hakusema kitu, na uliofuata ukaanza. Nilidhani atalia, lakini hakulia. Alinyosha kidole kwenye spika ya kushoto.

"Ndiye," alisema. "Na huyo akohoaye si yeye. Yeye hakukohoa hivyo. Huyo ni baba yako, mwanangu. Alikuwa akiketi nyuma yake kila arusi."

Baba yangu amekufa miaka mingi. Sikuwa na sauti yake popote, na nilikuwa nimekwisha kujizoeza kuishi bila hiyo. Kumbe alikuwamo usiku ule wote, nami nimelala juu ya jamvi karibu naye, na kikohozi chake kinene kimekaa ndani ya hesabu kikingoja kupewa kinywa.

Tukakirudia kikohozi kile mara tatu. Kisha mama mdogo akasema tumwachie aendelee, asikatizwe tena.

Namalizia kwa ubeti mmoja, kama ilivyo ada yetu:

Tarakilishi hodari, kuhifadhi ya zamani,
Hazina yake bahari, sauti tele tumboni,
Ila kinywa si kizuri, chanena kwa unyongeni,
Msomaji tafakari, mfungue kifungoni.